Kila Mchezaji na Ngwe Yake

Nendeni Dominika yoyote baada ya Misa ya pili, mkasimame kando ya uwanja wa parokia, mkawaulize vijana wanaofunga kamba za viatu: "Mwaka huu timu yenu yataka nini?" Jibu ni moja tu, nalo hutolewa kwa sauti kubwa: "Twataka kushinda! Twataka kombe!" Waulizeni tena: "Na kesho, siku ya mazoezi, mtafanya nini ili mlipate?" Hapo watatazamana. Mmoja atasema, "Tutajitahidi." Mwingine atacheka. Wa tatu atasema kwamba shauri hilo ni la mwalimu wa timu.

Sisi tuliopewa kazi ya kuwalea vijana darasani na uwanjani tumelisikia jibu hilo miaka mingi, na zamani tulilipenda. Leo twaliogopa kidogo. Si kwa sababu kutaka kombe ni vibaya. Maana ni nani aingiaye shindanoni akitaka kushindwa? Twaliogopa kwa sababu timu isiyo na lengo jingine ila kombe yafanana na msafiri ajuaye jina la mji aendako, lakini hajui njia, wala mito iliyo katikati, wala mahali atakapolala usiku wa kwanza.

Basi leo twataka kusema nanyi juu ya lengo la timu: lengo gani lafaa, lipimwe vipi, na kwa nini lengo baya laweza kuvunja zaidi ya timu. Twaanza na kosa letu wenyewe, kwani mwalimu afichaye kosa lake huwaachia wengine walirudie.

KOSA LETU

Mwaka wa kwanza tulipokabidhiwa timu ya shule, tulikuwa na wachezaji kumi na sita, mipira miwili, na majivuno mengi. Siku ya kwanza tuliandika ubaoni maneno matatu: "Kombe ni letu." Wavulana walipiga makofi. Tuliwaimbisha maneno hayo kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi. Tulidhani kwamba hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa timu: kuwasha moto.

Katika mchezo wa kwanza tulifungwa mabao sita kwa moja. Moto wetu ulizimika hata kabla ya mapumziko. Baada ya bao la tatu mabeki walianza kugombana. Baada ya bao la tano kapiteni alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, kama mtu apitaye njia tu. Mwishowe wote walimgeukia mlinda mlango, kijana wa miaka kumi na mitano, wakamwita majina mabaya mbele ya wadogo zake waliokuja kumtazama. Na sisi, jambo hili yatupasa kulikiri, hatukuwakemea. Nasi tulikuwa na hasira. Tulimwambia: "Umetupotezea kombe."

Jumatatu kijana hakuonekana darasani. Jumanne pia hakuonekana. Siku ya nne tulisikia kwamba amewaambia wenzake hatarudi tena shuleni. Atabaki kulima na baba yake. Katika hesabu alikuwa wa tatu darasani. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kwa ajili ya kombe ambalo hata hatukulipata, tulikuwa karibu kumpoteza mtoto wa watu.

NENO LA MKULIMA

Jioni ile tulipanda baiskeli, tukaenda kwao. Baba yake alitupa kiti, akaagiza tuletewe maji ya kunywa, akatusikiliza hata mwisho. Kisha akauliza kwa upole:

"Mwalimu, siku ile ulimpa mtoto wangu kazi gani?"

Tukajibu: "Kulinda mlango, Baba, ili tupate kombe."

"Na kombe ni la watu wangapi?"

"La timu nzima."

"Basi, Mwalimu, hukumpa kazi. Ulimpa mavuno yote ayabebe peke yake."

Alinyamaza kidogo, akaonyesha kwa mkono shamba lake la mihogo nyuma ya nyumba. "Mimi niwapelekapo wanangu kulima, siwaambii: leteni mihogo. Mihogo huletwa na mvua pia, na udongo, na Mungu. Mimi nachukua kamba, nampimia kila mmoja ngwe yake. Mkubwa, yake ndefu. Mdogo, yake fupi. Jioni napita kutazama. Aliyemaliza ajua kwamba amemaliza, hata kama mvua haikunyesha mwaka ule. Asiyemaliza ajua hatua ngapi zimebaki. Hakuna wa kumtukana mwenzake, kwani kamba yaonekana na wote."

Tukamwomba ruhusa ya kusema na kijana. Alikataa kutoka chumbani. Baba yake akasema: "Shuleni atarudi, hilo ni neno langu. Lakini uwanjani, hilo ni neno lake na lenu."

Tulirudi usiku ule tukiendesha polepole. Ngwe ni neno la kale, nalo lajulikana na kila aliyeshika jembe: ni kile kipande cha shamba kilichopimwa, apewacho mtu mmoja akimalize kwa siku moja. Wavulana wetu kumi na sita walikuwa wameingia shambani bila ngwe hata moja. Walikuwa na wimbo tu.

"JITAHIDINI" HAITOSHI

Baadaye tulipoanza kusoma juu ya mambo haya, tuliona kwamba wataalamu wamefika mahali palepale kwa njia nyingine. Huko Marekani mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi, Edwin Locke, aliandika mwaka 1968 kwamba mtu aliyepewa lengo wazi na gumu kidogo hufanya kazi bora kuliko yule aliyeambiwa tu: "Fanya uwezavyo." Mwenzake, Gary Latham, alilijaribu neno hilo kwa watu wa kazi nzito, madereva wa malori ya kubeba magogo katika jimbo la Oklahoma.

Malori yale yaliruhusiwa na sheria kubeba uzito fulani, lakini madereva walikuwa wakipakia kama sitini kwa mia tu ya uzito huo. Waliambiwa siku zote wajitahidi, nao walidhani wanajitahidi. Ndipo walipopewa hesabu moja: tisini na nne kwa mia. Hawakuongezewa mshahara, tena waliahidiwa kwamba asiyefika hataadhibiwa. Habari hiyo, iliyotangazwa mwaka 1975, yasema kwamba baada ya miezi michache malori yalikuwa yakibeba kama tisini kwa mia. Malori yalikuwa yaleyale, na madereva walewale. Kilichobadilika ni kwamba kila dereva alijua kamba yake imepita wapi.

Tazameni basi udhaifu wa neno "jitahidini". Ni neno zuri mdomoni, lakini halina mwisho. Mvivu husema amejitahidi, na mwenye bidii huona kwamba hajajitahidi vya kutosha. Hakuna kamba ya kuwahukumu. Na pasipo kamba, anayehukumu ni yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, kama ilivyokuwa siku ile ya mabao sita.

TUNDA, KIPIMO NA KAZI

Yafaa sasa tutenganishe malengo ya namna tatu, kwani timu nyingi huyachanganya.

La kwanza ni lengo la tunda. Ndilo kombe, ndilo ushindi, ndiyo nafasi ya kwanza katika ligi. Lengo hili halimo mikononi mwa timu peke yake. Limo pia mikononi mwa timu nyingine, na ya mwamuzi, na ya mvua. Mwaweza kucheza vizuri kuliko siku zote mkafungwa, na mwaweza kucheza vibaya mkashinda.

La pili ni lengo la kipimo. Hapo timu hujilinganisha na nafsi yake ya jana. Juma lililopita tulipoteza mpira mara ishirini katika nusu yetu ya uwanja; juma hili tusipite kumi na tano. Mpinzani aweza kutusumbua, lakini hesabu ni yetu.

La tatu ni lengo la kazi. Ni tendo lenyewe: kufika mazoezini kabla ya filimbi, beki kumtazama mshambuliaji, si mpira tu, kiungo kuinua kichwa kabla ya kupokea pasi. Lengo hili limo mikononi mwa mchezaji kabisa. Hakuna awezaye kumzuia asilitimize, isipokuwa yeye mwenyewe.

Timu iliyopangwa vema ina yote matatu, kama mti ulivyo na mizizi, shina na tunda. Kombe laweza kutajwa siku ya kwanza, liwape vijana hamu. Lakini baada ya siku ile lisitajwe mara nyingi. Yanayotajwa kila siku ni kazi, na yanayohesabiwa kila juma ni vipimo. Mkulima hapigi kelele juu ya mihogo kila asubuhi, hupima ngwe.

MFANO WA LUBUMBASHI

Labda kijana mmoja atasema: "Hayo ni ya timu ndogo. Timu kubwa hutazama kombe tu." Tumjibu kwa mfano wa nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1939 Mapadri Wabenedikto walioongoza shule ya Saint-Boniface mjini Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, waliunda timu ya mpira. Lengo lao lilikuwa karibu sana: kuwapatia wanafunzi shughuli ya kufaa nje ya darasa. Timu iliitwa Saint-Georges, kwa jina la msimamizi wa maskauti. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha Englebert, kwa jina la matairi ya magari, na leo yaitwa Tout Puissant Mazembe.

Kama mtu angewaambia wanafunzi wale kwamba siku moja timu yao itacheza fainali ya vilabu vya dunia nzima, wangecheka. Njia ilikuwa ndefu. Miaka ishirini na minane ilipita kabla ya kombe la Afrika la mwaka 1967. Mwaka 1968 walilichukua tena, wakawa klabu ya kwanza kulitetea kombe hilo. Mwaka 1969 na mwaka 1970 walifika fainali, wakashindwa zote mbili. Kisha kombe hilo liliwakimbia miaka mingi, hata mwaka 2009, walipolipata tena.

Desemba ya mwaka ule wa 2009 walikwenda Abu Dhabi kwa mashindano ya vilabu vya dunia. Walicheza michezo miwili, wakafungwa yote miwili: mabao mawili kwa moja na Pohang Steelers ya Korea Kusini, na matatu kwa mawili na Auckland City ya Nyuzilandi. Kwa macho ya kombe, safari ile ilikuwa bure. Lakini Desemba ya 2010, baada ya kulitwaa kombe la Afrika mara nyingine, walirudi mji uleule. Waliifunga Pachuca ya Meksiko bao moja kwa bila, kisha Internacional ya Brazili mabao mawili kwa bila. Tarehe 18 Desemba walicheza fainali na Inter ya Milano, wakafungwa matatu kwa bila. Hakuna klabu ya Afrika iliyopata kufika hapo kabla yao. Wengi wamkumbuka mlinda mlango wao, Robert Kidiaba, aliyeshangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi chini.

Twapata fundisho gani hapa? Kwamba kipimo cha kweli cha mwaka 2010 hakikuwa kombe, kwani kombe lilikwenda Milano. Kipimo kilikuwa umbali kati ya mwaka 2009 na mwaka 2010. Anayetazama tunda tu ataandika mara zote mbili neno moja: "Wameshindwa." Anayeshika kamba ataona ngwe ndefu iliyolimwa kwa mwaka mmoja.

LENGO LILILOZALIWA NA HOFU

Kuna mfano mwingine wa nchi yetu, nao ni wa uchungu. Mwaka 1974 timu yetu ya taifa, wakati nchi ikiitwa Zaire, ilikwenda Ujerumani Magharibi kwa kombe la dunia. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Haikuwa timu dhaifu, kwani mwaka uleule ilikuwa imetwaa kombe la mataifa ya Afrika huko Misri, na mshambuliaji wake Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika mashindano yale.

Mchezo wa kwanza walifungwa na Uskoti mabao mawili kwa bila, jambo lisilo aibu. Kisha yakaja magomvi juu ya fedha walizoahidiwa wachezaji wasizipate, nao wakaingia uwanjani na mioyo iliyovunjika. Yugoslavia ikawafunga mabao tisa. Beki Mwepu Ilunga alieleza baadaye kwamba baada ya aibu ile walipelekewa vitisho kutoka kwa wakubwa wa nchi: wakifungwa na Brazili zaidi ya mabao matatu, wasifikiri kurudi nyumbani.

Tazameni lengo lile. Lilikuwa wazi: mabao matatu, si manne. Lilikuwa na hesabu, na lilikuwa na siku yake. Tena lilitimizwa, kwani Brazili ilishinda matatu kwa bila. Lakini ni nani aliyeinuliwa nalo? Katika mchezo ule Mwepu alitoka mbio katika ukuta wa mabeki, akaupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajapiga mkwaju wao wa adhabu. Dunia ilicheka ikidhani kwamba Mwafrika hajui sheria za mpira. Mwenyewe alisema kwamba alizijua vema.

Basi haitoshi lengo kuwa wazi na kuwa na hesabu. Yapasa pia liwe la wachezaji wenyewe, na lisiwe fimbo. Wale madereva wa Oklahoma waliahidiwa kwamba hawataadhibiwa, nao wakapakia vizuri. Watu wa mwaka 1974 walitishwa, nao wakacheza kama watu wanaookoa maisha yao. Na sisi tuliomwambia mtoto wa miaka kumi na mitano "Umetupotezea kombe", tulikuwa upande gani? Wasomaji wetu watajibu wenyewe.

JINSI TULIVYOPIMA NGWE ZETU

Juma lililofuata kijana alirudi darasani, kama baba yake alivyosema. Uwanjani hakuja. Sisi tulifuta yale maneno matatu ubaoni, tukawaita wavulana chini ya mwembe. Kwanza tuliwaomba msamaha kwa ajili ya mwenzao. Kisha tukawauliza: "Ni jambo gani mwaweza kulifanya hata siku tutakayofungwa?" Mwanzoni walinyamaza. Baadaye mmoja akasema, "Kufika mapema." Mwingine, "Kutopoteza mpira karibu na mlango wetu." Kapiteni alisema mwisho, akitazama chini: "Kutotukanana."

Tukachagua malengo matatu tu, ya majuma matano tu. La kwanza: wote wafike mazoezini kabla ya filimbi, siku tatu kwa juma. La pili: tusipoteze mpira katika nusu yetu zaidi ya mara kumi katika mchezo mmoja. La tatu: tukifungwa bao, mtu wa kwanza kumwendea mlinda mlango awe kapiteni, autoe mpira wavuni kwa mikono yake mwenyewe, aurudishe katikati. Zaidi ya hayo kila mchezaji aliandika katika daftari lake ngwe yake ya pekee. Winga wa kushoto aliandika kwamba atapiga krosi ishirini kila siku ya mazoezi kwa mguu wa kushoto. Daftari la mlinda mlango lilibaki jeupe.

Kijana mmoja aliyekuwa ameumia goti akawa mwenye kuhesabu. Aliketi kando ya uwanja na kalamu, akichora mstari kila tupotezapo mpira. Mchezo wa pili alichora mistari ishirini na saba. Tulifungwa tena, matatu kwa moja. Mchezo wa tatu, mistari ishirini na miwili. Tukafungwa mawili kwa bila. Lakini wavulana, badala ya kumtafuta mwenye makosa, walimkimbilia mwenye daftari wakimwuliza: "Ngapi leo?" Alipowajibu walishangilia, na watu wa timu iliyoshinda wakashangaa kuona walioshindwa wanashangilia.

Katika juma la tatu yule mlinda mlango alikuja akasimama nyuma ya mlango, amevaa nguo za shule, akatazama tu. Mara ya pili alisimama tena vilevile. Mara ya tatu kapiteni alimwendea mbele ya wote, akampa mkono, akasema: "Ndugu yangu, tulikukosea." Kijana alivua viatu vyake vya shule, akaingia mlangoni bila kusema neno. Tukampigia mipira thelathini ya juu. Alidaka kumi na mmoja. Jioni ile aliandika katika daftari: "Kudaka ishirini katika thelathini kabla ya Pasaka."

KAMBA HAILIMI

Msidhani kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa laini. Tuliona hatari moja ambayo yatupasa kuwaonya nayo.

Mchezo wa tano mwenye daftari alichora mistari tisa tu. Tulifurahi, mpaka tulipokumbuka vema mchezo wenyewe. Mabeki wetu, ili wasichorewe mistari, walikuwa wakipiga mpira nje ya uwanja kila walipoukaribia, ama walipeana wao kwa wao nyuma, bila kwenda mbele. Hesabu ilikuwa nzuri. Mchezo ulikuwa umekufa. Washambuliaji walikaa mbele wakingoja kama watu wa kituo cha gari moshi. Lengo lilikuwa limetimizwa na maana yake imesahauliwa.

Hapo tulijifunza kwamba kamba hupima shamba, lakini hailimi. Tukakaa tena chini ya mwembe, tukageuza lengo: mpira uliopigwa nje bila haja uhesabiwe pia kuwa umepotea. Tangu siku ile, kila baada ya michezo miwili tuliuliza mambo mawili, si moja: tumefikia hesabu? Na hesabu hii bado yatusaidia kucheza vizuri? Jibu la pili likiwa la, lengo hubadilishwa bila aibu.

Masista wanaofundisha wasichana mpira wa kikapu waliposikia habari hii, waliijaribu kwa namna yao. Wao walianza na lengo moja tu, mitupo huru, wakaliongeza kidogo kidogo. Walitushinda kwa hekima, kwani timu changa hubeba vizuri lengo moja kuliko matatu. Hali kadhalika lengo lililo chini mno huleta usingizi, na lililo juu mno huvunja moyo. Lifaalo ni lile ambalo mchezaji akinyosha mkono bado halifikii, lakini akiruka alifikia.

MWISHO WA MWAKA

Wasomaji watapenda kujua kama tulipata kombe. Hatukulipata. Kati ya timu tisa tulikuwa wa tano. Mchezo wa mwisho tulifungwa bao moja kwa bila, kwa penalti, dakika chache kabla ya filimbi. Mpira ulipoingia wavuni tulitazama tutakachoona. Kapiteni alitoka mbio katikati ya uwanja, akampita mwamuzi, akamshika mlinda mlango begani, akauchukua mpira, akarudi nao. Hakuna aliyemtukana mtu. Wadogo wa kijana yule walikuwa kando ya uwanja, nao waliona.

Baba yake pia alikuwapo. Baada ya mchezo alikuja kutusalimu. "Mwalimu," akasema, "leo nimemwona akilima." Kijana alikuwa amefikisha mipira kumi na minane katika thelathini, si ishirini. Alijua hasa kwamba imebaki miwili, naye hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mwisho wa mwaka ule alikuwa wa pili katika hesabu.

Mtakatifu Paulo, ambaye timu ile ya Élisabethville ilibeba jina lake, aliwaandikia Wakorinto kwa mfano wa wakimbiaji, maana karibu na mji wao yalifanyika mashindano makubwa ya Isthmia. Alijua kwamba mbio zahitaji shabaha. Nanyi wazazi, walimu na vijana wenye kuongoza timu za parokia, kabla hamjawaambia watoto neno "kombe", chukueni kwanza kamba. Mketi pamoja nao chini ya mti, muwaulize wawezalo kulifanya, mliandike, mlihesabu, mlitazame tena baada ya majuma machache. Na jioni, mchezo ukiisha, msiulize tu: "Nani ameshinda?" Mwiteni kila mmoja kwa jina lake, mkamwulize: "Na ngwe yako, imefika wapi?"